Maporomoko ya Sanje: Maji Yanayoshuka Wakati wa Joto

Mwezi wa Oktoba bonde la Kilombero lina joto kali. Mvua bado. Majani ya porini yamekauka. Lakini juu ya kijiji cha Sanje maji yanaanguka mlimani mchana na usiku.

Hayo ni Maporomoko ya Sanje. Yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 1,990. Wageni hawaendi kwa gari msituni. Wanatembea kwa miguu pamoja na mwongozaji. Mimi napenda hivyo, maana mtu wa garini huona vumbi zaidi kuliko miti.

Anza safari asubuhi. Beba maji ya kunywa. Vaa viatu visivyoteleza. Njia ni ya kupanda, na jasho litakutoka. Ukiingia chini ya miti mikubwa, joto linapungua.

Maji huanguka kwa hatua tatu. Kimo chake chote ni meta 170 hivi. Ni kama minazi saba mirefu, mmoja juu ya mwingine. Mvuke wa maji hulowesha nguo za mtu aliyesimama karibu.

Mzee mmoja niliyekwenda naye aliuliza, "Bwana shamba, mvua haijanyesha. Maji haya yanatoka wapi?"

Swali zuri. Yanatoka katika mvua ya zamani. Mvua ikinyesha msituni, hupigwa kwanza na majani ya miti. Haianguki kwa nguvu juu ya udongo. Chini kuna majani yaliyooza na mizizi mingi. Udongo huo hunywa maji kama sifongo. Kisha huyatoa polepole, mwezi baada ya mwezi. Miti ikikatwa, maji hukimbia siku ile ile na kuchukua udongo. Wakati wa joto mto hubaki mawe.

Katika msitu huu yupo kima aitwaye ngolaga. Mara nyingi hutafuta chakula ardhini. Mwaka 1979 wataalamu walisikia mlio wasioujua. Mwongozaji wao, mwenyeji wa huku, aliutambua mara moja: "Ngolaga!" Wataalamu hawakuwa na habari zake. Wanakijiji walimjua siku zote. Ngolaga hapatikani mahali pengine duniani ila milima ya Udzungwa. Yupo pia mbega mwekundu, anayekula majani juu ya miti.

Sasa tuseme juu ya kuni. Zamani watu wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini kwa siku maalumu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Kina mama ndio walioumia kwanza, kwani chungu hakichemki kwa amri. Hata hivyo, mpunga wa bondeni unahitaji maji ya mlima ule ule.

Kwa hiyo kuni zitoke shambani. Mjohoro unafaa. Hukua upesi, na ukikatwa huchipua tena. Otesha miche mapema, uipande mvua zikianza. Ipande mpakani mwa shamba, mbali na mpunga, isije ikautia kivuli.