Kulihifadhi Trekta Dogo Chini ya Turubai Wakati wa Baridi

Trekta dogo la mkono, ambalo wengi huliita pawatila, huharibika zaidi likiwa limesimama kuliko likiwa shambani. Wakulima wengi hawaliamini neno hili, maana chombo kilichopumzika huonekana kuwa kimepona. Lakini mwenye trekta na ahesabu miezi: kazi ya kulima huchukua wiki chache tu wakati wa kuanza mvua, na asiye na tela la kubebea mizigo huliacha trekta lake limesimama tangu kupanda kwisha hata mwezi wa Novemba. Hiyo ni karibu miezi tisa. Nusu ya kwanza ni mvua, na nusu ya pili ni baridi, umande na ukungu.

Nilipata kuitwa na kikundi kimoja cha wakulima mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyesha, nikatazame trekta lao lililokataa kuwaka. Watu hawa hawakuwa wazembe. Walikuwa wamenunua turubai jipya, wakalifunika trekta tangu vishikio hata magurudumu, wakalikaza kwa kamba pande zote kama mtu afungavyo mzigo wa safari. Tulipolifungua, upande wa ndani wa turubai ulikuwa umeota ukungu, visu vyote vilikuwa vyekundu kwa kutu, na tangi la dizeli lilikuwa na maji chini yake. Pampu ya mafuta ilikuwa imekwama. Vipuri vilitafutwa Songea, na vilipofika majirani walikuwa wamekwisha palilia mara ya kwanza. Mahindi yao ya mwaka ule yalipandwa kwa jembe, tena kwa kuchelewa.

Turubai lilikuwa zima, wala halikuvuja hata tone. Basi maji yale yalitoka wapi?

Yalitoka ardhini na hewani. Udongo ulionyeshewa masika nzima hutoa mvuke kwa muda mrefu baada ya mvua kukoma. Mvuke huo hupanda, na ukikuta umefungiwa chini ya turubai hauna pa kwenda. Usiku wa Juni na Julai chuma hupoa sana, na turubai lenyewe hupoa. Mvuke unapogusa kitu baridi hugeuka kuwa maji, kama vile kifuniko cha sufuria kinavyotona matone. Jambo hili hutokea hata ndani ya tangi. Tangi lililobakizwa nusu lina hewa juu ya mafuta, na hewa hiyo hutoa jasho kila usiku. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo huzama na kukaa pale pale ambapo mpira wa mafuta unaanzia.

Kwa hiyo mtu asilivike trekta turubai kama nguo. Alijengee banda la turubai, lililo juu yake na mbali nalo, hewa ipite kati.

Katika nchi za theluji kama Marekani na Kanada, wakulima hununua vibanda vya namna hii vilivyokwisha tengenezwa, vya mabomba ya chuma na kitambaa kizito, vinavyoweza kung'olewa na kuhamishwa. Sisi tunaweza kupata faida ile ile kwa mianzi au miti iliyonyooka na turubai moja. Kuhamishika kwake ni jambo kubwa kwetu, maana mara nyingi trekta ni la kikundi, na mwaka huu hulala kwa huyu, mwaka ujao kwa yule. Tena kiwanja cha nyumba mlimani ni kidogo, na si kila mtu ana mahali pa kujenga banda la matofali.

Turubai la mita 4 kwa 5 latosha. Simika nguzo za kati zenye kimo cha mita 2 na sentimita 20 juu ya ardhi, ambazo zitabeba mwamba wa juu, na nguzo za pembeni zenye kimo cha mita 1 na sentimita 40. Upana kati ya nguzo za pembeni uwe mita 3, na urefu wa banda mita 4. Ukilaza turubai juu ya mwamba, mita 4 zitateremka pande mbili na kupita nguzo kidogo, na mita 5 zitaacha kichwa cha nusu mita mbele na nyuma. Paa liwe na mteremko huu, usilipunguze. Paa la bapa hukusanya maji ya mvua tumboni mwake mpaka lipasuke. Mahali turubai linapogusa ncha ya mti, funga kitambaa au kipande cha mpira wa gari, la sivyo litatoboka kwa kusuguliwa.

Mgongo wa banda uelekee kusini-mashariki, unakotoka upepo wa kipupwe. Upepo ukipiga ubavuni utalibeba turubai, lakini ukipita kwa urefu utakausha kila kitu bila gharama. Kule ufukoni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hata Mbamba Bay, upepo wa miezi hiyo ni mkali zaidi, na huko yafaa kila nguzo ishikwe kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye kigingi kirefu. Mwisho wa banda unaoelekea upepo waweza kuzibwa kwa ukuta wa nyasi usiozidi kimo cha kifua, ili manyunyu yasiingie. Acha nafasi ya shubiri moja na nusu chini, na juu pawe wazi. Pande nyingine ziachwe wazi.

Sakafu ndiyo inayosahauliwa. Inua mahali pa trekta kwa mawe na udongo ulioshindiliwa, kiasi cha shubiri moja, kisha chimba mtaro mdogo kuzunguka banda. Mmatengo ambaye wazee wake waliyatuliza maji ya mlimani kwa ngoro hana haja ya kufundishwa na mimi jinsi ya kuyapitisha maji. Magurudumu yakae juu ya mbao au matofali, yasiguse udongo.

Jua nalo ni adui. Turubai la plastiki likipigwa na jua la mwaka mzima huanza kukatika kama karatasi. Ukilifunika kwa tabaka jepesi la nyasi litadumu zaidi. Hata hivyo nyasi kavu hushika moto, na miezi ya Agosti hata Oktoba ndiyo ya moto wa porini. Basi fyeka na kulima ukanda wa mita 3 kuzunguka banda, na banda lenyewe liwe mbali na jiko.

Kabla ya kuliingiza trekta bandani, lioshe matope yote, ulikaushe juani, kisha uwashe injini mpaka ipate moto. Mwaga oili ya zamani ingali moto na utie mpya, maana oili iliyotumika ina ukali unaokula chuma ikikaa. Jaza tangi la dizeli mpaka juu kabisa. Wengi hukataa hapa, wakisema dizeli ni fedha na huenda ikaibwa. Mimi nasema funga kifuniko kwa kufuli, lakini tangi lijae. Mwaga maji ya kupozea. Legeza mikanda. Paka visu vya kulimia oili chafu uliyoimwaga, na tia grisi kila mahali pake. Ziba bomba la moshi na mdomo wa chujio la hewa, maana panya hupenda sana kuzaa humo, kisha funga kitambaa chekundu kwenye hendeli kikukumbushe kuzibua.

Kila baada ya wiki mbili, zungusha injini kwa hendeli mara kumi bila kuiwasha, na uiache pale unapohisi uzito wa pumzi. Hapo valvu zote zimefungwa na hewa yenye maji haiingii. Usiiwashe kwa dakika mbili tatu ili kusikia sauti yake tu. Injini isiyopata moto kamili hutengeneza maji ndani yake yenyewe.

Sasa kuna jambo la kahawa, na hili lawahusu wa huku Mapera na Mbinga yote kuliko watu wa ziwani. Miezi ya baridi ndiyo miezi ya kuchuma. Mtu ana turubai moja. Mchana liko juu ya trekta, jioni mvua ya ghafla ikitishia hulivuta akafunika kahawa ya maganda iliyo mezani. Au huona banda lina nafasi, akaweka humo magunia. Kahawa huvuta harufu upesi kuliko karibu zao lolote, na harufu ya dizeli haitoki kwa kuanikwa tena. Waonjaji huitambua kwenye kikombe, na kwa kuwa kahawa huchanganywa na ya wenzako katika chama cha msingi, debe lako moja laweza kushusha daraja la mzigo wa watu wengi. Turubai la trekta litiwe alama ya rangi, lisiguse kahawa kamwe.

Mbolea nayo isilale pamoja na trekta. CAN na urea huvuta unyevu hewani, na vumbi lake likitua juu ya chuma huleta kutu upesi kuliko umande peke yake.

Mwishoni mwa Oktoba zibua bomba na chujio, kaza mikanda, tia maji safi. Fungua chujio la dizeli umwage kidogo chini kabla ya kuwasha, uone kama kuna maji. Turubai lioshwe kwa maji matupu, likauke kabisa pande zote mbili, likunjwe na kutundikwa juu mahali ambapo panya hawafiki. Nguzo zing'olewe na kupakwa oili chafu miguuni kwa ajili ya mchwa.