Piritoni Haijui Deni Lako

Swali ni lile lile, liwe limetoka Milanzi, mjini Sumbawanga au kwa mama aliyepanda gari kutoka Laela: "Daktari, nimeze Piritoni ngapi ili nilale?"

Hata moja.

Piritoni ni dawa ya mzio: ya chafya, makamasi na ngozi inayowasha. Kusinzia ni athari yake tu, na mwili huizoea ndani ya siku chache. Kidonge kikichoka unaongeza cha pili, kisha cha tatu. Uliyomeza saa nne usiku bado imo kwenye damu asubuhi, nawe uko juu ya bodaboda ukiteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa. Mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kabisa kukojoa. Bibi anaweza kuchanganyikiwa, akaanza kuongea na watu wasiokuwepo, na hapo ndipo jirani hutajwa kuwa mchawi. Sumbawanga tumeshachafuliwa jina vya kutosha kwa habari hizo. Duka la dawa lisituongezee. Na msiniletee hoja ya gongo: pombe hukulaza upesi, kisha hukuamsha saa nane usiku moyo ukikudunda.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kidonge hakigusi kilichokunyima usingizi. Una deni la mbolea, mahindi hayajapata mnunuzi, mume amefariki na mashemeji wanalitaka shamba. Piritoni inajua nini?

Nikishauri tiba ya mazungumzo badala yake, ndipo naulizwa: sasa maongezi yatanilazaje? Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari wa Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzishiwe tiba ya mazungumzo kabla ya vidonge. Hayo si mawaidha, wala si kitubio kwa padre. Kwa wiki kadhaa mnakaa wawili, faragha. Unaandika ulipanda kitandani saa ngapi na usingizi ulikuja saa ngapi. Mnalichambua wazo linalokurudia usiku, "nisipolala leo, kesho sifai kitu", mpaka lipungue makali. Usingizi ukigoma unatoka kitandani, hata kama ni Juni na baridi ya Ufipa inauma; jifunike blanketi, keti, rudi ukisinzia. Mwili uzoee kwamba kitandani ni pa kulala, si pa kuhesabu madeni. Wasiwasi na huzuni navyo hutibika kwa mazungumzo. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alifundisha mabibi wa mitaani kuketi benchini na wenye shida, na utafiti wa 2016 ukaonyesha dalili zimepungua.

Haya, kwa haraka. Amka saa ile ile kila siku, Jumapili pia. Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa, ulizia afya ya akili. Si lazima ufike hospitali ya akili ya Mirembe. Ukiwa na wazo la kujiua, nenda leo. Unayemeza diazepamu kila siku usiikatishe ghafla, ipunguzwe na daktari. Anayekoroma hadi pumzi inakatika apimwe kwanza. Huyo maongezi hayatamfungua koo.