Diski nyingi ndani ya kompyuta moja: Kinga ya RAID na mipaka yake

Picha za harusi, sauti za wazee waliokwishatangulia mbele ya haki na hesabu za biashara siku hizi huhifadhiwa ndani ya diski za kompyuta za nyumbani. Teknolojia iliyopewa jina nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 huziwezesha diski kadhaa kulindana. Hata hivyo, wengi wanaoitumia huitarajia iwakinge na mambo ambayo haikubuniwa kuyakinga.

Diski ya kawaida ya kompyuta ni chombo chenye viungo vinavyokwenda mbio. Ndani yake zimo sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma na kuandika data huelea juu ya sahani hizo kwa umbali wa nanomita chache tu, umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Chombo cha namna hiyo hakina budi kuchakaa. Kila diski ina siku yake, na siku hiyo aghalabu huja bila ya kubisha hodi.

Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walichapisha uchunguzi wao kuhusu diski zaidi ya laki moja. Waligundua kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizoharibika hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kuu ambazo diski hutarajiwa kuzitoa inapojichunguza yenyewe. Maana yake ni kwamba mwenye kompyuta anayesubiri kuonywa kwanza anaweza kulala na data zake zote na kuamka mikono mitupu.

Hoja iliyotoka Berkeley

Mwaka 1988 wanasayansi watatu wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, waliwasilisha andiko lao katika mkutano wa kitaaluma mjini Chicago. Wakati huo mabenki na makampuni makubwa yalihifadhi data kwenye diski za kompyuta kuu, kama vile IBM 3380, vyombo vikubwa na vya bei ghali. Upande wa pili, kompyuta za binafsi zilikuwa zimezaa soko la diski ndogo za bei nafuu, zenye nafasi ya megabaiti 100 hivi.

Hoja ya wanasayansi hao ilikuwa nyepesi kuieleza. Diski ndogo nyingi zikiunganishwa, zinaweza kuifanya kazi ya diski kubwa moja kwa gharama ndogo na kwa kasi zaidi, kwa kuwa vichwa vingi vinasoma kwa wakati mmoja. Waliuita mpango huo RAID, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya safu ya diski za bei nafuu zenye ziada.

Neno ziada ndilo lenye uzito. Katika hesabu yao, diski moja ndogo ilikadiriwa kudumu saa 30,000, yaani zaidi ya miaka mitatu. Lakini zikiunganishwa diski 100, moja miongoni mwao itaharibika, kwa wastani, kila baada ya saa 300, muda usiotimia wiki mbili. Wingi ule ule unaoleta kasi ndio unaoleta hatari. Kwa sababu hiyo walipendekeza kuongezwa diski za ziada zenye kumbukumbu ya kurejeshea kile kitakachopotea. Wazo hilo lilikuwa na mizizi ya nyuma zaidi, kwani mhandisi wa IBM, Norman Ken Ouchi, alipewa hataza ya mbinu ya aina hiyo mwaka 1978.

Njia tano za kupanga diski

Mpango huo ulienea kwanza katika kompyuta za makampuni, kisha ukarudi nyumbani kwenye kompyuta za binafsi. Leo njia zinazotumika zaidi ni tano.

Ya kwanza ni RAID 0. Hapa kila faili hukatwa vipande, na vipande hivyo hugawanywa kati ya diski mbili au zaidi. Kasi huongezeka, lakini hakuna ziada yoyote. Iwapo kila diski ina uwezekano wa asilimia 5 wa kuharibika ndani ya mwaka, basi jozi ya RAID 0 ina uwezekano wa karibu asilimia 10 wa kupoteza kila kitu, kwa sababu diski moja ikifa faili zilizogawanywa hazisomeki tena.

Ya pili ni RAID 1, ambayo diski mbili huandikwa kitu kile kile kama mapacha. Mmoja akifa mwenzake huendelea na kazi. Gharama yake ni nusu ya nafasi iliyonunuliwa.

Ya tatu, RAID 5, hutumia hesabu iitwayo pariti. Chukulia diski tatu. Ya kwanza imeandikwa 7, ya pili 5, na ya tatu jumla yake, 12. Diski ya kwanza ikifa, mwenye 5 na 12 mkononi atajua pasi na shaka kwamba kilichopotea ni 7. Kompyuta yenyewe haijumlishi namna hiyo. Huangalia kama idadi ya tarakimu 1 katika biti za diski zote ni shufwa au witiri, lakini mantiki ni ile ile. Aidha, pariti hutawanywa katika diski zote, ili isiwepo moja inayoelemewa na kazi kuliko nyingine.

Ya nne, RAID 6, huweka hesabu mbili tofauti badala ya moja, na hivyo huvumilia vifo vya diski mbili zozote. Ya tano, RAID 10, huziunganisha jozi za mapacha na kuzigawia vipande.

Mtu mwenye diski nne za terabaiti 4 kila moja atapata nafasi ya terabaiti 16 akichagua RAID 0, terabaiti 12 akichagua RAID 5, na terabaiti 8 akichagua RAID 6 au RAID 10. Hizo mbili za mwisho hutoa nafasi sawa, lakini RAID 10 huangamia iwapo diski mbili zilizokufa ni za jozi moja.

Kasi nayo ina gharama zake

Katika kusoma, safu nyingi zina kasi nzuri. Tofauti huonekana katika kuandika. Ili kubadilisha kipande kidogo cha data kwenye RAID 5, kompyuta hulazimika kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani, kuandika data mpya na kuandika pariti mpya. Hizo ni hatua nne, wakati mapacha wa RAID 1 huhitaji mbili tu. Kwa anayehifadhi kanda ndefu za video, upungufu huo hauonekani sana. Kwa mwenye duka ambaye programu yake ya hesabu huandika vitu vidogo vidogo mchana kutwa, RAID 10 inafaa zaidi.

Ujio wa diski za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka, umebadilisha hesabu hiyo. Diski inayozunguka hufikia takriban megabaiti 200 kwa sekunde, ilhali SSD za aina ya NVMe hufikia maelfu ya megabaiti. Kwa hiyo, katika kompyuta nyingi za nyumbani, anayetafuta kasi ya programu hahitaji tena RAID 0. SSD moja yamtosha, na safu ya diski zinazozunguka hubaki kuwa ghala la faili kubwa.

Saa za hatari

Mtihani mkubwa wa safu ya diski huja baada ya diski moja kufa na nyingine mpya kuwekwa mahali pake. Katika safu ya pariti, diski zote zilizobaki lazima zisomwe tangu mwanzo hadi mwisho ili kukijenga upya kilichopotea. Kuijaza diski ya terabaiti 8 kwa kasi ya megabaiti 200 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 11, na kwa kawaida huwa zaidi, kwa kuwa kasi hupungua kuelekea katikati ya sahani na kompyuta huwa na shughuli nyingine. Katika saa hizo, RAID 5 haina kinga yoyote.

Mwaka 2007 Garth Gibson, yule yule wa Berkeley, pamoja na Bianca Schroeder walichapisha utafiti walioufanya katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, nao pia ulihusu diski zipatazo laki moja. Takwimu za watengenezaji zilimaanisha kwamba diski zinazoharibika kwa mwaka hazizidi asilimia 0.88. Watafiti hao walikuta kuwa diski zilizobadilishwa kwa mwaka zilikuwa kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 4, na mahali pengine zilifika 13. Waligundua pia kwamba vifo vya diski hufuatana. Moja ikibadilishwa, uwezekano wa nyingine kufuata karibuni huongezeka.

Jambo hilo lawahusu hasa wale wanaonunua diski nne siku moja, duka moja, zilizotoka kiwandani pamoja na zitakazofanya kazi katika joto na mtikisiko ule ule.

Ipo hatari nyingine. Watengenezaji wengi wa diski za kawaida hukubali uwezekano wa kosa moja la kusoma katika kila biti trilioni 100, sawa na terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo, lakini kosa moja likitokea wakati RAID 5 inajijenga upya, hakuna pa kulirekebishia. Hii ndiyo sababu, kwa diski kubwa za siku hizi, RAID 6 au RAID 10 hupendekezwa.

Mambo ya kuzingatia katika kuunda safu

Kwanza ni uchaguzi wa diski. Zipo diski ambazo njia zake za kuandikia hupandana kama vigae vya paa ili kuongeza nafasi. Hizo huandika polepole mno zinapopewa kazi mfululizo, na hazifai kwa safu. Ni vyema pia diski zisiwe zote za toleo moja.

Pili ni nani anayeisimamia safu. Kadi maalumu ya RAID huweza kuwa na kasi na betri yake, lakini ikiharibika, mara nyingi huhitajika kadi ya ukoo ule ule ili diski zisomeke. Safu inayosimamiwa na mfumo endeshi wenyewe, kwa mfano Linux, huweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine yenye mfumo huo na kusomeka.

Tatu ni umeme. Ukikatika baada ya data kuandikwa lakini kabla ya pariti yake kuandikwa, hesabu za diski hazilingani tena, na kasoro hiyo yaweza kujificha hadi siku diski moja itakapokufa. Katika miji ya Afrika Mashariki ambako umeme hukatika ghafla, kifaa cha UPS ni sehemu ya safu, si pambo. Mfumo wa ZFS, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 2005, hukwepa tatizo hilo kwa kutoandika kamwe juu ya data iliyopo, na huweka alama ya kuthibitisha kila kipande ili kilichoharibika kigunduliwe.

Nne ni uangalizi. Safu iliyopoteza diski moja huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea, na mwenyewe asipoambiwa anaweza kukaa miezi bila ya kujua. Ni lazima kompyuta iwekwe itume onyo kwa barua pepe, na safu nzima isomwe na kuhakikiwa mara kwa mara, kwa mfano kila mwezi. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

RAID si nakala ya akiba

Hata safu iliyoundwa kwa ustadi hukinga jambo moja tu: kifo cha diski. Mtoto akifuta kwa bahati mbaya folda ya picha, diski zote mbili za mapacha huifuta papo hapo. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia huzifunga diski zote pamoja. Mwizi hubeba kompyuta nzima. Mwezi Machi mwaka 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha kuhifadhia data mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza data zao moja kwa moja.

Kwa ajili hiyo, wataalamu hufuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: kuwa na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyumbani. Kwa familia ambazo baadhi yao wako Muscat au London na wengine Mombasa au Unguja, umbali huo tayari upo. Diski ya mkononi iliyofungwa kwa neno la siri inaweza kusafiri na jamaa na kuhifadhiwa ng'ambo ya pili.

Linabaki sharti moja ambalo wengi hulisahau. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kufunguliwa haiwezi kutegemewa. Anayeweka akiba leo na achague faili chache, azirejeshe, na kuhakikisha kwamba picha inaonekana na sauti ya mzee inasikika.