Programu za zamani kwenye Windows 11: toa hesabu zako kabla ya kutupa mashini ya kale

Mashini mpya imefika ofisini na kuwekwa juu ya meza. Ile ya zamani imesogezwa kwenye kona. Karani anaingiza programu ya stoki ambayo depo inatumia tangu zaidi ya miaka 20, kisha anabonyeza mara mbili. Pahali pa orodha ya bidhaa na madeni ya wateja, unatokea ujumbe wa Kifaransa unaosema kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi kwenye PC hiyo.

Tatizo hilo si jipya, lakini limepata uzito tangu tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Anayejiandikisha anaweza kupata marekebisho ya usalama kwa muda tu baada ya hapo. Wengine wanaombwa kuhamia Windows 11. Mfumo huo unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Katika miji kama Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, ambako kompyuta nyingi zinanunuliwa zikiwa zimekwisha kutumiwa na wengine, kuhama mara nyingi ni kununua mashini ingine.

Kwa nini programu inakataa

Mara nyingi programu yenyewe haijaharibika. Kilichobadilika ni mfumo unaoibeba.

Programu za wakati wa DOS na Windows 3.1 ziliandikwa kwa biti 16. Windows 95, iliyotoka tarehe 24 mwezi wa nane 1995, ilieneza zile za biti 32. Leo kompyuta zinatumia mifumo ya biti 64, na Windows ya biti 64 inakubali programu za biti 32 lakini inakataa kabisa zile za biti 16. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32 lililoweza kuzifungua. Windows 11 haina toleo hilo.

Kuna mtego mwingine. Programu kadhaa za miaka ya 1990 ni za biti 32, lakini faili ya kuziingiza kwenye kompyuta ni ya biti 16. Mtu anadhani programu imekufa, kumbe aliyezuiwa ni mlinzi wa mlangoni tu.

Njia ya kwanza: kuidanganya kidogo

Kwa programu za biti 32, jaribio la kwanza halihitaji pesa wala intaneti. Bonyeza faili ya programu kwa kitufe cha kulia cha panya, chagua « Propriétés », kisha « Compatibilité », na uchague Windows XP au Windows 7. Kutoka hapo mfumo mpya unaijibu programu kana kwamba ni ule wa zamani.

Ikiwa programu inafunguka lakini haihifadhi kazi, tazama mahali ilipowekwa. Programu za zamani zilizoea kuandika hesabu ndani ya folda yao wenyewe. Tangu Windows Vista, folda ya « Program Files » inalindwa, na faili zinaweza kupelekwa mahali pengine bila mtumiaji kujua. Matokeo yake, makarani wawili kwenye mashini moja wanaweza kuona hesabu tofauti. Kuiweka programu kwenye folda yake nje ya hapo kunamaliza shida hiyo mara nyingi.

Njia ya pili: mashini ndani ya mashini

Kwa programu za DOS kuna DOSBox, ambayo ni ya bure na inaiga kompyuta ya zamani. Ilitengenezwa hasa kwa michezo, kwa hiyo kazi ya kuchapisha fakturi inaweza kusumbua.

Kwa zile za Windows za zamani, programu kama VirtualBox inaruhusu kuweka Windows XP nzima ndani ya dirisha la Windows 11. Inahitaji kompyuta yenye memori ya kutosha na leseni ya ile Windows ya zamani.

Hapo kuna sharti moja: usiiunganishe na intaneti. Windows XP haipati tena marekebisho ya kawaida tangu tarehe 8 mwezi wa ine 2014. Mwezi wa tano 2017, virusi vya WannaCry viliingia kwenye kompyuta zisizorekebishwa katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga kazi za hospitali nchini Uingereza.

Cha muhimu ni hesabu

Njia hizi zote zinanunua muda tu. Programu inaweza kupatikana tena au kubadilishwa. Lakini madeni ya wateja, alama za wanafunzi wa miaka 15 au kadi za wagonjwa havina duka vinakouzwa, na diski ya mashini ya zamani inazidi kuchoka kila umeme unapokatika.

Kwa hiyo, wakati mashini hiyo bado inawaka, nakili folda nzima ya programu kwenye vifaa viwili tofauti. Ndani yake tafuta faili zenye mwisho wa .dbf, zilizotumiwa na programu nyingi zilizoandikwa kwa dBase, Clipper au FoxPro. LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, inaweza kuzifungua kama jedwali la kawaida. Ikiwa hazipo, tumia programu yenyewe kutoa orodha, au zichapishe kwenye karatasi.

Baada ya kulinganisha jumla za pande zote mbili na kuona zinapatana, ndipo mashini ya kwenye kona inaweza kuzimwa.