Algeria: Nchi ya jangwa, milima na lugha iliyokataa kufa

Na Mwandishi Wetu

ALGERIA ndiyo nchi kubwa kuliko zote barani Afrika. Ilishika nafasi hiyo Julai 2011, baada ya Sudan Kusini kujitenga na Sudan. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,381,741, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya eneo la Tanzania.

Hata hivyo, ukubwa huo unaweza kumpotosha anayeitazama ramani. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi hiyo ni Jangwa la Sahara. Wakazi wake, ambao ni zaidi ya milioni 45, wengi wao wamebanana katika ukanda wa kaskazini, karibu na Bahari ya Mediterania.

Mgawanyiko huo wa ardhi husaidia kueleza swali ambalo limewasumbua Waalgeria tangu wapate uhuru: wao ni watu wa asili gani, na lugha ipi iwe ya taifa lao?

Ukianzia baharini, eneo la kwanza ni Tell, lenye vilima, mabonde na udongo wenye rutuba. Mvua hunyesha huko wakati wa baridi, na wakulima hupanda ngano, mizabibu, mizeituni na michungwa. Miji mikubwa, ukiwamo mji mkuu wa Algiers pamoja na Oran na Annaba, imejengwa katika eneo hilo.

Kusini mwa Tell zipo nyanda za juu kavu, zenye malisho ya kondoo na maziwa ya chumvi ambayo hukauka kiangazi. Baada ya hapo huja safu ya milima ya Atlasi ya Sahara, kisha jangwa lenyewe. Mbali zaidi kusini, katika milima ya Hoggar, upo Mlima Tahat ambao ni mrefu kuliko yote nchini humo. Urefu wake ni mita 2,908, chini kidogo ya nusu ya Mlima Kilimanjaro.

Jangwa hilo halikuwa kavu siku zote. Katika miamba ya Tassili n'Ajjer, kusini mashariki, kuna michoro na nakshi zaidi ya 15,000 zilizoachwa na watu wa kale. Wanyama kama ng'ombe, twiga na viboko walioonyeshwa humo ni ushahidi kwamba maelfu ya miaka iliyopita Sahara ilikuwa na maji na majani.

Leo utajiri wa jangwa uko chini ya mchanga. Mafuta yaligunduliwa Hassi Messaoud mwaka 1956, na gesi asilia ikagunduliwa mwaka huohuo huko Hassi R'Mel. Bidhaa hizo mbili ndizo zinazoiingizia nchi sehemu kubwa ya fedha za kigeni.

Wakazi wa jangwani wana utajiri wao wa zamani zaidi, nao ni maji. Katika maeneo ya Touat na Tidikelt wazee walichimba mifereji ya chini kwa chini iitwayo foggara, inayoleta maji kwenye mashamba ya mitende kwa mteremko tu, bila pampu. Mafundi maalumu huyapima maji hayo na kuhakikisha kila familia inapata fungu lake. Mwaka 2018, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuweka ujuzi huo katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa vijana wanaourithi wanapungua.

Bonde la M'zab, lenye mji wa Ghardaia, lina historia inayowagusa wasomaji wa Afrika Mashariki. Wenyeji wake, Wamozabite, ni Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, madhehebu yaleyale ya masultani wa Oman waliotawala Zanzibar. Mwanazuoni mkubwa wa bonde hilo, Muhammad bin Yusuf Atfayyish, aliyefariki mwaka 1914, aliandika tafsiri ya Kurani ambayo ilichapwa katika mtambo wa Sultani mjini Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19.

Wamozabite ni tawi moja la wenyeji wa kale wa Afrika Kaskazini, ambao wageni waliwaita Waberber. Wao wenyewe hujiita Imazighen, jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni watu huru. Matawi mengine ni Wakabyle wa milima ya Djurdjura, Wachaoui wa milima ya Aures na Watuareg wa Hoggar. Kwa pamoja wanakadiriwa kuwa karibu robo ya wananchi wote.

Nchi yao ilipitiwa na watawala wengi. Warumi waliacha magofu kama ya mji wa Timgad. Waarabu waliingia katika karne ya 7 wakiwa na dini ya Kiislamu, nao Waturuki wa dola ya Uthmaniya wakaja katika karne ya 16. Ufaransa ilivamia mwaka 1830 na kukaa miaka 132. Vita vya ukombozi vilivyoanza Novemba 1, 1954 viliua mamia ya maelfu ya watu, na uhuru ukapatikana Julai 5, 1962.

Kadiri karne zilivyopita, watu wengi wa tambarare na mijini, wakiwamo wenye asili ya Kiberber, walianza kuzungumza Kiarabu. Milimani na jangwani, ambako si rahisi kwa mtawala kufika, lugha ya Tamazight iliendelea kusemwa majumbani katika lahaja zake mbalimbali.

Serikali ya uhuru iliamua kwamba Kiarabu pekee ndicho kiwe lugha ya taifa. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake. Ufaransa ilikuwa imekidharau Kiarabu kwa zaidi ya karne moja, na viongozi wapya waliamini kwamba lugha moja ingewaunganisha wananchi. Lakini kwa Mkabyle, aliyepigania uhuru sawa na mwenzake, amri hiyo ilimaanisha kuwa lugha ya mama yake haikuwa na nafasi shuleni wala mahakamani.

Machi 1980 wakuu wa serikali walizuia mhadhara wa mwandishi Mouloud Mammeri kuhusu ushairi wa kale wa Kikabyle katika mji wa Tizi Ouzou. Maandamano yakalipuka. Mwaka 2001, kijana mmoja alipigwa risasi akiwa ndani ya kituo cha polisi wa jandarma katika eneo la Kabylie. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 100.

Baada ya damu hiyo kumwagika ndipo sheria ilipoanza kubadilika. Tamazight ikawa lugha ya taifa mwaka 2002, na mwaka 2016 ikawa lugha rasmi pamoja na Kiarabu. Tangu mwaka 2018, Januari 12, siku ya mwaka mpya wa Kiberber iitwayo Yennayer, imekuwa sikukuu ya kitaifa. Katiba ya mwaka 2020 imeiweka hadhi ya lugha hiyo miongoni mwa mambo yasiyoweza kuondolewa kwa marekebisho.

Pamoja na hayo, safari haijafika mwisho. Wataalamu bado wanabishana kama Tamazight iandikwe kwa herufi za Kilatini, za Kiarabu au za kale za Tifinagh. Mwaka 2019, wakati wa maandamano yaliyomng'oa Rais Abdelaziz Bouteflika, watu kadhaa walikamatwa kwa kubeba bendera ya Waberber.

Mezani, hata hivyo, mabishano hayo hupungua makali. Kuskusi, chakula chenye asili ya Kiberber, huliwa kwa Mwarabu na kwa Mkabyle, pwani na jangwani, harusini na msibani. Mwaka 2020 UNESCO ilikitambua kuwa urithi wa pamoja wa Algeria, Moroko, Tunisia na Mauritania. Waalgeria walikubali zamani kwamba chakula hicho ni chao wote. Kuikubali hivyo lugha ya waliokianzisha kumewachukua zaidi ya nusu karne ya uhuru, na kumegharimu maisha ya watu.