Ukuta Subiri, Pandeni Mianzi!

Mmejinyima mitoko ya wikiendi, mmechanga, kiwanja kimepatikana na nyumba imefika kwenye bati. Bado ukuta. Hapo ndipo wapenzi wengi wa rika letu wanaponuniana: mmoja anataka mhamie hata kesho, mwingine hataki kuishi mahali ambapo kila apitaye anaona mlichoanika kambani.

Rafiki zangu wawili walifikia kulala mzungu wa nne kwa sababu ya tofali. Nikawaambia: hamieni, halafu pandeni mianzi.

Kwa nini mianzi?

Mwanzi ni jamii ya nyasi. Chipukizi linatoka ardhini likiwa na unene wake wote, na ndani ya miezi michache limefikia urefu wake. Baada ya hapo halinenepi, linakomaa tu. Ukikata mmoja, mingine inaota, kwa hiyo mnavuna na uzio unabaki.

Ila jamani, chagueni vizuri! Kuna mianzi inayotambaa chini kwa chini na kuibukia kwa jirani. Hiyo ni kesi ya mjumbe. Tafuteni inayokaa kichaka, kama ya ulanzi ya Iringa na Njombe, au ile ya njano yenye michirizi ya kijani.

Mnapandaje?

1. Subirini mvua zianze.
2. Ile ya njano inashika kirahisi: kateni kipande chenye vifundo viwili au vitatu kutoka mwanzi wa mwaka mmoja au miwili, kilazeni na kukifukia.
3. Acheni kama mita moja na nusu kati ya shimo na shimo, na msikaribie mpaka wala bomba la maji, maana kichaka kinatanuka.
4. Mwagilieni kiangazi cha kwanza.

Msitegemee maajabu mwaka wa kwanza. Machipukizi yatakuwa membamba kama penseli. Kila msimu yanakuja manene zaidi. Kwa sasa wekeni makuti. Na tuambiane ukweli: mianzi inazuia macho, haizuii mwizi. Milango iwe imara.

Mnaogopa nyoka? Fagieni majani makavu na punguzeni mianzi iliyozeeka, shina lipitishe mwanga.

Kipato kidogo pembeni

Matenga ya nyanya na kuku mnayoyaona sokoni yanasukwa kwa mianzi. Msukaji anataka mwanzi mchanga unaopindika, wa mwaka mmoja hivi. Wa nguzo na ngazi uachwe hadi miaka mitatu au zaidi. Vaeni glavu, maana maganda ya machipukizi yana vinyweleo vinavyowasha.

Adui mkubwa ni dumuzi, anayefuata wanga uliomo ndani. Vuneni kiangazi, kisha loweka mianzi kwenye maji wiki kadhaa kabla ya kuikausha kivulini.

Na kwa wale wa Nyanda za Juu: chipukizi mlilokata ncha kugema ulanzi halirefuki tena. Kubalianeni mapema, kinywaji au uzio!

Wale rafiki zangu wamehamia. Ukuta bado upo kwenye bajeti, lakini sasa wanaujadili wakiwa kwao, hawalipi kodi ya mtu. Kama nanyi mnavutana, anzeni na swali hili: tunataka kuzuia mwizi au macho? Majibu yakitofautiana, mmeshajua mnagombania nini.