Kipato, Familia na Tabaka: Istilahi za Kumpima Mwanafunzi Mhitaji

Nchini Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mkopo hulengwa kwa mwanafunzi mhitaji. Hivyo uhitaji sharti upimwe, na kipimo hicho hutegemea maana za maneno.

Neno la kwanza ni kipato. Linatokana na kitenzi pata, lakini katika matumizi ya ofisini maana yake imefinywa hata ikakaribiana na mshahara. Mshahara wa mwalimu huthibitishwa kwa hati kila mwezi. Mkulima wa korosho huuza kwa msimu, na mazao yanayoliwa nyumbani kwake hayaandikwi popote.

Neno la pili ni familia. Kwa maana finyu ni baba, mama na watoto. Ilhali ada ya mwanafunzi huenda ikalipwa na mjomba au shangazi mwenye watoto wake wa kusomesha.

Lugha ya mitaani hutaja tabaka kwa njia nyingine. Mlalahoi ni yule anayelala hoi kwa uchovu: jina hilo hueleza hali ya maisha, si idadi ya shilingi.

Kwa hiyo, kufasili kipato na familia si kazi ya kamusi peke yake. Fasili ikiwa finyu, mtoto wa mlalahoi anaweza kukosa mkopo, na pamoja nao nafasi ya kusoma.